Mkono na Mashine katika Nchi ya Chai

Wahenga walisema, "Mchumia juani, hulia kivulini." Katika nchi nyingi methali hii hutumiwa kwa mfano tu, lakini huko Kericho na Bomet haina haja ya kufasiriwa, kwa kuwa watu wake huchuma juani kwelikweli. Tangu asubuhi, umande ungali juu ya majani, wachumaji wa chai husimama safu kwa safu, vikapu mgongoni, vidole vikienda upesi kuliko jicho liwezavyo kufuata. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa muda wa miaka mia hivi. Lakini katika miaka hii yetu ameingia shambani mchumaji mwingine, asiyebeba kikapu wala kudai mshahara. Mchumaji huyo ni mashine. Katika insha hii nataka kueleza alikotoka, jinsi afanyavyo kazi, na kwa nini kufika kwake kulizusha ugomvi hata damu ikamwagika.

Boito ni mji mdogo katika Konoin, kaunti ya Bomet. Mtu apitaye njia za huko huona namna mbili za mashamba. Kwanza kuna mashamba madogo ya wenyeji: nyumba, ng'ombe wawili watatu, mahindi kidogo, na chai iliyopandwa hata ukingoni mwa njia. Kisha kuna mashamba makubwa ya makampuni, yaliyotandazwa vilimani kama mkeka wa kijani usio na mwisho. Nchi hii iko juu sana, karibu na msitu wa Mau. Mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka, na udongo wake mwekundu ni wa namna ipendwayo na chai. Adui mkubwa wa mkulima ni mvua ya mawe, ambayo kwa nusu saa yaweza kuharibu majani ya majuma mengi.

Yafaa msomaji akumbuke kwamba chai si mmea wa kale katika nchi hii. Mababu wa Wakipsigis walilisha ng'ombe na kulima wimbi katika vilima hivi, wala hawakujua jani la chai. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza Limuru, mwaka 1903, na wakati huo ilikuwa kama pambo la bustani tu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitwaa ekari 25,000 karibu na Kericho, ikawapa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Maofisa hao walikuja mwaka 1919 na miaka iliyofuata ili walime kitani, yaani mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Bei ya kitani ikaanguka ghafula, na shauri lao likavunjika. Ndipo makampuni mawili makubwa ya chai kutoka Uingereza, Brooke Bond na James Finlay, yalipoingia katika nyanda hizi, katika miaka ya 1924 na 1925.

Basi ardhi ilikwisha badili mikono mara mbili kabla ya chai kuota mizizi, na katika mara zote mbili wenyeji wake hawakuulizwa. Mwaka 1934 serikali iliwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa dini miongoni mwa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi, karibu na ziwa la Victoria. Madai ya ardhi hiyo hayakufa pamoja na ukoloni. Mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai waliyafikisha mbele ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Nayataja haya si kwa kuchochea uchungu wa zamani, bali kwa sababu ugomvi wa mashine hauwezi kufahamika vema bila ya habari hizi. Mtu aliyenyang'anywa ardhi aliambiwa kwamba badala yake atapata kazi. Je, kazi nayo ikiondoka, amebakiwa na nini?

Sasa tutazame mmea wenyewe. Chai ikiachwa peke yake hukua ikawa mti mrefu, usioweza kuchumwa na mtu aliyesimama chini. Kwa hiyo mkulima huikata shina ingali changa, huilazimisha kutanua matawi, na baada ya kila miaka mitatu au minne huipogoa tena, mpaka safu nzima ya chai iwe na uso ulio sawa kama meza, kimo cha kiuno cha mtu. Katika meza hiyo huchipua machipukizi mapya, nayo ndiyo yatakiwayo. Desturi ya chai nzuri ni kuchuma majani mawili na chipukizi moja. Jani la tatu limekwisha kuwa gumu. Na chipukizi likiachwa kupita siku zake hukomaa, chai yake ikawa hafifu. Hapana budi mchumaji arudi katika safu ile ile baada ya siku saba hadi kumi na nne, mwaka mzima, na kila mara achague kwa jicho na kukata kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Tena, zahitajiwa kilo nne na nusu hivi za majani mabichi ili kupata kilo moja ya chai kavu. Kwa ajili hiyo shamba la chai lilihitaji watu wengi mno.

Watu hao walitoka wapi? Wakipsigis wengi, mwanzoni, hawakuwa tayari kuacha ng'ombe wao na kwenda kuchuma majani ya mtu mwingine. Makampuni yakaandika wafanyakazi kutoka nchi za jirani: Wagusii, Wajaluo, Waluhya, baadaye Wakipsigis nao wakaingia kwa wingi. Katika miaka ya 1920 na 1930 hata watoto walikuwamo katika safu za wachumaji, vidole vyao vidogo vikisifiwa kwa wepesi. Makampuni yalijenga kambi za wafanyakazi, na pole pole kambi hizo zikapata zahanati, maduka na shule. Yalikuwa mambo mema. Lakini yalikuwa na mtego ndani yake. Nyumba ilikuwa ya kampuni, maji ya kampuni, shule ya kampuni. Aliyepoteza kazi alipoteza siku ile ile na nyumba yake, na mtoto wake akapoteza kiti chake darasani.

Wenye mashamba walitangulia kuungana. Chama chao cha wakuzaji wa chai kiliundwa mwaka 1931. Wafanyakazi walichelewa zaidi, na chama kikubwa cha wafanyakazi wa mashamba kilisimama mwaka 1963, mwaka ule ule wa Uhuru. Tangu hapo mshahara wa mchumaji ulipatikana kwa mapatano ya pande mbili, naye akalipwa kwa kila kilo aliyoipima. Mizani ikawa mwamuzi wa kila jioni. Mtu mwenye mkono mwepesi alipata zaidi, na aliyeugua hakupata kitu. Kuna wanawake wengi katika Bomet na Kericho waliojenga nyumba ya mabati, kulipa karo na kuzika wazee wao kwa fedha zilizopimwa kilo kwa kilo namna hii. Haba na haba hujaza kibaba.

Watu wengi hudhani kwamba mashine ilifika katika chai siku hizi tu. Sivyo. Mashine ilifika mapema sana; ila ilianzia kiwandani, si shambani. Zamani za kale, huko Uchina, majani yaliviringishwa kwa viganja vya mikono na kukaushwa juu ya moto katika makarai. Waingereza walipolima chai India na Ceylon katika karne ya 19, walitengeneza mashine za kuviringisha na za kukausha. Kisha, karibu mwaka 1930, Mwingereza aitwaye William McKercher, huko Assam, alivumbua mtindo uitwao CTC, yaani kuponda, kurarua na kuviringisha. Majani hupitishwa kati ya magurudumu mawili ya chuma yenye meno makali, yazungukayo kwa mwendo usio sawa. Hutoka yakiwa punje ndogo ndogo, zitoazo rangi upesi katika maji ya moto. Chai nyingi ya Kenya hutengenezwa kwa mtindo huu.

Jambo hili ni kubwa kuliko lionekanavyo. Chai ile ya zamani, iliyouzwa kwa uzuri wa jani zima, ilimhitaji mchumaji mwangalifu, kwa maana jani lililochanika lilionekana. Lakini jani ambalo kwa vyovyote litararuliwa na meno ya chuma, mnunuzi hawezi kuona kama lilivunjika tangu shambani. Hivyo mashine ya kiwandani, bila ya kukusudia, ilimfungulia njia ndugu yake wa shambani. Twaweza kulinganisha na katani. Huko Tanga, tangu zamani, mashine iitwayo korona ndiyo iliyokwangua majani ya katani na kutoa nyuzi. Lakini jani lenyewe liliendelea kukatwa kwa kisu mkononi mwa mtu. Mpaka kati ya mkono na chuma ulikuwa mlangoni mwa kiwanda. Katika chai mpaka huo ulikaa pale pale kwa miaka mingi, kisha ukasogea.

Kabla ya kusogea kwake, yalitokea mabadiliko mengine yaliyowagusa sana watu wa Boito. Wakati wa ukoloni Mwafrika alizuiwa kupanda chai ya biashara. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliufungua mlango huo, na mwaka 1957 kiwanda cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo kilianza kazi Ragati, katika nchi ya Nyeri. Mwaka 1960 iliundwa halmashauri ya kusimamia mazao hayo, na mwaka 1964 ikageuzwa kuwa mamlaka ya maendeleo ya chai, ijulikanayo kwa herufi KTDA. Leo wakulima wadogo wauzao majani yao kupitia KTDA ni zaidi ya 600,000, nao hutoa zaidi ya nusu ya chai yote ya Kenya. Kwa hiyo katika kijiji kimoja waweza kumkuta mama aliye na chai yake mwenyewe, na jirani yake achumaye chai ya kampuni. Mashine haiwaendei watu hawa wawili kwa njia moja.

Mashine ya kuchuma haikuvumbuliwa Afrika. Ilizaliwa katika nchi zilizokosa watu wa kuchuma, au ambazo mshahara wao ulikuwa mkubwa. Wajapani walianza kwa kutumia mikasi mikubwa yenye mfuko, mwanzoni mwa karne ya 20, kisha wakaiongezea injini. Katika nchi ya Georgia, iliyokuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti, mashine kubwa zijiendeshazo zilikuwa zikichuma chai katika miaka ya 1960. Huko Queensland, Australia, wakulima wa chai walitambua mapema kwamba bila ya mashine hawangeweza kabisa kulima zao hilo. Historia yatufundisha hapa kwamba mashine huja mbio pale ambapo mtu ni ghali, na huja kwa kusitasita pale ambapo mtu ni rahisi. Kericho ilikuwa nchi ya watu rahisi. Ndiyo maana mashine ilichukua muda mrefu kufika.

Afanyaje kazi mchumaji huyu wa chuma? Ile mashine ndogo hushikwa na watu wawili, mmoja upande huu wa safu, mwingine upande wa pili, nao hutembea sambamba. Kati yao hupita fremu ndefu yenye visu viwili vilivyo kama vitana. Kisu kimoja huteleza juu ya chenzake kwa kasi, kwenda na kurudi, kama mashine ya kinyozi. Feni husukuma upepo, na majani yaliyokatwa huruka nyuma na kuingia katika mfuko mrefu uburutwao juu ya chai, ulioshikwa na mtu mwingine. Mashine kubwa zaidi hupanda juu ya safu nzima, magurudumu au minyororo yake ikipita katika vijia vya pande mbili, na dereva hukaa juu yake kama mwendesha trekta.

Mashine ina nguvu, lakini haina jicho. Hukata kila kilicho juu ya kimo ilichowekewa: chipukizi, jani la tatu, jani la nne, hata kijiti. Kwa hiyo humlazimisha mkulima kupanga shamba lake upya. Meza ya chai lazima iwe sawa kabisa, na siku kati ya mchumo na mchumo huongezwa ili machipukizi mengi yafikie kimo kimoja. Hapo kazi ya wataalamu wa utafiti wa chai, walioanza huko Kericho mnamo miaka ya 1950, ilisaidia bila ya kutazamiwa. Wao walichagua miti bora na kuizidisha kwa vipandikizi, wakitafuta mavuno mengi. Shamba la vipandikizi vya mti mmoja huchipua kwa namna moja na kwa wakati mmoja, tofauti na shamba la mbegu, ambalo kila mti wake una tabia yake. Shamba la namna hiyo ndilo lifaalo mashine.

Mashine zilianza kuonekana katika mashamba makubwa ya Kericho karibu na mwaka 2006. Makampuni yalitoa sababu zao, na yafaa tuzisikilize kwa haki. Chai ya Kenya huuzwa katika mnada wa Mombasa kwa bei ya dola, na bei hiyo haipangwi na mwenye shamba. Mshahara, mbolea na moto wa kukaushia hupanda bei kila mwaka, na bei ya chai yaweza kukaa pale pale au kushuka. Kuchuma ni gharama kubwa kupita nyingine zote za shambani. Makampuni yalisema kwamba yasipopunguza gharama hiyo yatafunga milango, na kwamba hapo hata kazi zilizobaki zitapotea. Yalisema pia kwamba vijana waliosoma hawataki tena kubeba kikapu, na majani yasiyochumwa kwa wakati wake ni hasara tupu.

Wafanyakazi nao walikuwa na sababu zao. Walisema: Mlipotuhitaji mlituita tuje na watoto wetu, mmetulaza katika nyumba zenu miaka thelathini, je, leo mtatuambia twende wapi? Mwezi wa Oktoba mwaka 2010 makumi ya maelfu ya wachumaji waligoma, na neno kuu katika ugomvi huo lilikuwa mashine. Vikapu vilikaa chini, majani yakakomaa juu ya miti. Mgomo ukaisha, lakini mashine hazikuondoka. Kila mwaka ziliongezeka kidogo kidogo, na kila mfanyakazi aliyestaafu au kuhama hakuandikwa mwingine mahali pake. Namna hii ya kupunguza watu haina kelele, wala haitangazwi magazetini, na kwa hiyo ni vigumu kuipinga.

Kilichokuwa kikichemka chini ya sufuria kilimwagika mwaka 2023. Mwezi wa Mei mwaka huo, vijana wa Kericho waliingia shambani kwa hasira wakachoma moto mashine tisa za kuchuma chai za kampuni moja kubwa. Polisi walipambana nao. Mtu mmoja aliuawa na wengine wengi wakajeruhiwa, raia na polisi pia. Jopo lililoundwa na serikali ya kaunti ya Kericho lilikuwa limekwisha lichunguza jambo hili, likashauri kwamba mashine zisipite sehemu 60 kwa mia za kazi ya kuchuma, na sehemu 40 zibaki kwa mkono. Mjumbe mmoja wa jopo hilo alikadiria kwamba katika Kericho peke yake kazi 30,000 zilikuwa zimepotea kwa sababu ya mashine katika muda wa miaka kumi.

Msomaji wa historia atakumbuka hapa habari za Uingereza. Mwaka 1811, katika nchi ya Nottingham, wafumaji walianza kuvunja usiku mashine za kufumia soksi. Serikali ilitunga sheria mwaka 1812 kwamba avunjaye mashine auawe. Kwa miaka mingi watu waliwacheka wafumaji hao kuwa wajinga waliogombana na chuma. Lakini wanahistoria waliochunguza zaidi wameona kwamba wengi wao hawakuichukia mashine kwa kuwa ni mashine. Walizijua na walizitumia. Walichokichukia ni ujira kushushwa na watu wao kutupwa, pasipo mtu wa kusikiliza. Kwa vizazi viwili au vitatu Uingereza ilipata utajiri mkubwa kutokana na mashine zake. Lakini wale waliopoteza kazi mwaka 1811 hawakuishi vizazi vitatu. Hili ndilo jambo ambalo hesabu za jumla husahau. Faida huweza kumfikia mjukuu, na hasara ikamwangukia babu.

Yumkini mtu atauliza: Chai ya mkono na chai ya mashine, ipi bora? Wanunuzi wengi hukubali kwamba mkono uliofundishwa huchuma jani safi zaidi, na mamlaka ya wakulima wadogo imeshikilia kwa muda mrefu kanuni ya majani mawili na chipukizi. Kenya hutoa zaidi ya kilo milioni 500 za chai kwa mwaka, na hakuna nchi ipelekayo nje chai nyeusi nyingi kuliko yetu. Jina hilo lilipatikana kwa vidole vya watu. Ni kweli pia kwamba mashine mpya hukata vizuri kuliko zile za kwanza, na kwamba mkono uliochoka, au uliokimbilia kilo, huchuma vibaya vile vile. Kwa hiyo asitokee mtu akadhani kwamba ubora peke yake utaulinda mkono. Ukilindwa, utalindwa kwa mapatano ya watu, na kwa sheria.

Niruhusu sasa, msomaji, nitaje jambo langu mwenyewe. Mimi ni mtoto wa mchumaji. Nilipokuwa mdogo nilidhani kwamba mama zote wana vidole vyeusi, kwa sababu utomvu wa chai hutia rangi ngozi wala hautoki kwa sabuni. Mama alinipeleka shule, na baadaye chuo cha ualimu, kwa mikono hiyo. Miaka michache iliyopita nilipokwenda kumwona, nilikuta mashine ikinguruma katika shamba aliloanza kuchuma akiwa msichana. Nilimwuliza aionaje. Alitazama kwa kitambo, kisha akasema, "Mgongo wangu wasema ije. Lakini je, mtoto wa jirani atasomeshwa na nani?" Nimesoma makala nyingi juu ya jambo hili, za wenye mashamba na za vyama vya wafanyakazi, lakini sijaona iliyolieleza kwa maneno machache kuliko hayo.

Katika jibu lake mna pande mbili, na kila upande ni wa haki. Kuchuma chai si kazi ya kusifiwa bila ya kufikiri. Ni kubeba mzigo mtelemkoni katika mvua, kuamka usiku, na kuzeeka mgongo kabla ya uso. Asiyepata kuifanya asiilie. Mashine iondoayo taabu hiyo si adui wa binadamu. Lakini kazi hiyo ndiyo iliyokuwa karo, dawa na chakula; na mashine imeondoa taabu na mkate kwa mkono mmoja. Neno lililobaki ni hili: fedha iliyokuwa ikilipwa kwa vidole mia sasa yaenda wapi? Ikienda yote kwa mwenye mashine, basi vijana watakuja tena usiku na viberiti. Ikirudi kwa sehemu katika shule, katika mafunzo ya ufundi, katika viwanja vya wale waliohamishwa kambini, yawezekana hata mchumaji akaibariki.

Na mkulima mdogo wa Boito? Kwake jambo hili lina sura nyingine. Yeye ndiye mwenye shamba, na mara nyingi ndiye mchumaji pia. Watoto wake wako mijini, na wachumaji wa kukodi ni wachache siku za mavuno mengi. Mashine ndogo ikinunuliwa na wakulima kumi kwa shirika yaweza kuwaokoa na hasara, na faida yake haitatoka kijijini. Lakini mashine iyo hiyo ikiletwa na mtu mmoja mwenye fedha, akaikodisha kwa bei apendayo, itawafanya wenzake kuwa wadeni katika mashamba yao wenyewe. Chuma ni kile kile, na visu ni vile vile. Kinachotofautiana ni mkono ulioushika mpini.

Ninyi msomao insha hii wengine mtakuwa mafundi wa mashine hizo, wengine mawakili wa wafanyakazi, wengine wakulima, na huenda mmoja wenu akawa mwenye kampuni. Msije mkasahau kwamba chai mnayokunywa asubuhi ilipita katika historia ya ardhi iliyotwaliwa, watoto waliochuma, akina mama waliopima kilo zao jioni, na kijana mmoja aliyeanguka mwezi wa Mei. Wahenga walisema kwamba achumaye juani ndiye alaye kivulini. Hawakusema kwamba mmoja achume, na mwingine ale. Siku ambayo mchumaji ni mashine, kivuli nacho hakina budi kugawanywa upya. Na mgawo huo hautafanywa na mashine, bali na sisi.